Jiko la Gesi Likigoma Mpanda

Saa hii ya jioni sufuria nyingi za Mpanda ziko motoni, kwa hiyo nimeona tuzungumze habari za moto huohuo, na hasa moto unaokataa kuwaka. Mada yetu ni jiko la gesi lililogoma.

Pita Makanyagio, pita Nsemulwa au Kawajense, piga hodi. Hutakosa nyumba ambayo mtungi wa kilo 6 umesukumwa kwenye kona, umetandikwa kitambaa, juu yake pana chupa ya chai. Uliza kulikoni, utajibiwa, "Liliharibika." Uliza tena, liliharibika wapi? Hapo mwenye nyumba anamtazama mkewe, mke anamtazama mumewe, na nje mkaa unaendelea kuwaka.

Nasema hivi: majiko mengi ya namna hiyo hayajaharibika. Yamezibwa, yamelegea, au yamefungwa vibaya. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini, kuanza kwenye mtungi na kupanda hatua kwa hatua mpaka kwenye moto, akiuliza tatizo liko wapi. Sisi huku tumepokea mitungi kabla ya kupata mafundi wake.

Na mitungi tumeipokea kweli. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaja na mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Mkoa wetu wa Katavi una wilaya tatu, Mpanda, Mlele na Tanganyika. Piga hesabu, ni mitungi 9,765. Siyo haba. Na sababu ya kuhimiza nishati hiyo tunaiona kwa macho. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 564,604 katika Katavi. Ya 2022 ikatukuta 1,152,958. Watu wameongezeka mara mbili na zaidi ndani ya miaka kumi, na wote wanakula ugali, na ugali unataka moto. Misitu yetu ya miombo, inayokatwa kwa kuni na mkaa, ndiyo inayolipa.

Kwa hiyo mimi siko upande wa wanaosema gesi ni anasa ya watu wa Dar es Salaam. Niko upande wa kusema kwamba kugawa mtungi ni kuanza kazi tu. Mtanzania mwenzetu anayeishi Uingereza atakwambia kwamba kule, kwenye nyumba nyingi, kuna mtambo wa gesi wa kuchemshia maji na kupasha nyumba joto, na si kila mwenye spana anaruhusiwa kuugusa. Tangu mwaka 2009 fundi wa gesi wa kule lazima awe ameandikwa kwenye daftari liitwalo Gas Safe Register, na hutembea na kitambulisho chake. Hapa kwetu anayefungua jiko la gesi leo, jana alikuwa anabadilisha kioo cha simu. Simdharau; mikono anayo. Hakufundishwa.

Sasa tuingie jikoni.

Kwanza, hiyo gesi yenyewe. Wako wanaodhani iliyomo kwenye mtungi ni ile inayochimbwa Songosongo na Mnazi Bay. Hapana. Ile ya Songosongo ni nyepesi, inasafiri kwa bomba, na huku haijafika. Ya mtungini huja nchini kwa meli, inashushwa bandari za Dar es Salaam na Tanga, halafu inapanda malori mpaka itufikie sisi, zaidi ya kilometa elfu moja. Ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika. Ukifungua, sehemu ya juu inatoka kama mvuke. Nayo ni nzito kuliko hewa. Ukishika hilo la uzito, umeshika nusu ya usalama wote: gesi ikivuja haipandi darini, inashuka, inatambaa sakafuni, inakaa uvunguni mwa kitanda na chini ya kabati, ikingoja cheche. Harufu ile mbaya kama ya kitu kilichooza si ya gesi. Imetiwa makusudi ili pua ikuonye.

Jiko likigoma kabisa, swali la kwanza ni la kijinga lakini linaokoa nauli ya fundi: je, gesi ipo? Kutikisa mtungi na kusikiliza hakusaidii sana. Kupima kwenye mizani ndiko kunakosema kweli. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Tuseme umeandikwa kilo 7.5, basi ukiwa umejaa kilo 6 za gesi, mizani isome kilo 13.5. Ikisoma 7.5, gesi imekwisha. Na ikisoma 11 mtungi ukiwa ndiyo kwanza unatoka dukani, umeuziwa gesi pungufu, na tatizo haliko kwenye jiko lako, liko dukani. Kanuni za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, zinamtaka muuzaji awe na mizani na akupimie mbele yako. Usione haya kudai. Muuzaji akisema mizani imeharibika, maduka yako mengi mjini.

Kama gesi ipo, panda juu: regulata. Kile kidude kinachokaa kwenye mdomo wa mtungi kazi yake ni kupunguza nguvu. Gesi ndani ya mtungi ina nguvu kubwa sana, na jiko la nyumbani linahitaji kiasi kidogo tu, kama milibari 30. Regulata isipokaa sawasawa haifunguki. Wengi wanaibandika, wanasikia mlio, wanageuza mkono, hakuna kitu, wanaiita mbovu. Ivue, tazama ndani ya mdomo wa mtungi. Kuna pete ndogo nyeusi ya mpira, mafundi wanaiita oringi. Ikiwa imechanika, imepinda au haipo, gesi ama haitafika jikoni ama itavuja pembeni. Ni kitu cha pesa ndogo mno, lakini ndicho kinachorudisha watu kwenye mkaa. Wenye majiko yale yanayofungwa moja kwa moja juu ya mtungi mdogo, na ninyi pete yenu ipo pale pale kwenye maungio. Kagueni kila mnapobadilisha mtungi, na msikaze kwa koleo mpaka mkaikata.

Kisha mpira. Mpira wa gesi hautakiwi kuwa mrefu. Mita moja na nusu inatosha kabisa. Usipite nyuma ya jiko penye joto, usikanyagwe na mguu wa meza, na panya wasiufikie, maana panya wa mji huu na mipira wanapendana. Ukunje kidogo kwa vidole: ukiona nyufa nyembamba, huo umezeeka, hata kama haujavuja bado. Na tafadhali, kila mwisho wa mpira uwe na klempu ya chuma iliyokazwa kwa bisibisi. Waya wa kufungia matofali si klempu. Mpira wa baiskeli si klempu.

Namna ya kutafuta uvujaji ni moja, nayo ni povu la sabuni. Chukua kikombe, maji kidogo, sabuni ya kuoshea vyombo, koroga. Fungua gesi mtungini lakini jiko liwe limefungwa. Paka povu kwenye mdomo wa mtungi, kwenye regulata, kwenye klempu zote mbili, na kando ya mpira. Tulia utazame. Panapovuja, povu linafura, linafanya malengelenge madogo yanayoongezeka, hata kama pua haijasikia kitu. Njiti ya kiberiti haitumiki katika kazi hii. Nimewaona watu wazima wakipitisha kiberiti kwenye maungio "ili tuone kama inashika". Ikishika, je?

Sasa nije penye utamu wa kazi, kwenye rangi ya moto. Moto wa gesi ukiwa mzima ni wa bluu, umetulia, hauna masizi. Ukiona umekuwa wa njano, mrefu, unacheza kama wa koroboi, na sufuria zimeanza kuwa nyeusi chini, jiko linakwambia halipati hewa ya kutosha. Chini ya kila kichwa cha jiko kuna bomba fupi pana, na mwanzoni mwa bomba hilo gesi inatoka kwenye kitundu chembamba cha shaba, nozeli, ikivuta hewa pamoja nayo. Vikichanganyika vizuri, moto ni bluu. Kitu kikiziba njia ya hewa, gesi inaungua nusunusu, inatoa masizi, na inatoa pia hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, ile inayoua watu waliofunga madirisha.

Kinachoziba ni nini? Mjini Dar wangekwambia mafuta na vumbi. Kwetu Katavi ongeza nyigu. Wale nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana tundu lililotulia, na jiko lililokaa wiki kadhaa bila kuwashwa kwa sababu gesi imeisha na mshahara haujatoka, kwao ni nyumba tayari. Buibui naye anatandaza uzi humo humo. Fundi mmoja pale karibu na soko aliniita nione. Mama alikuwa ameleta jiko la pleti mbili, upande mmoja mzima, upande mmoja moto wa njano unaopepea.

"Shikamoo, mama. Lilianza lini?"

"Marahaba, baba. Tangu nitoke msibani Karema. Niliondoka zima, nimerudi linanifukizia masizi. Watoto wanasema ninunue jingine."

Fundi hakuwasha kitu. Alifunga mtungi, akaondoa vyuma vya juu, akanyanyua kichwa cha jiko, akaligeuza lile bomba na kuligonga kwenye kiganja. Ukaanguka udongo mkavu, umefinyangwa vizuri kama punje ya karanga, na ndani yake mabaki ya buibui waliokaushwa, chakula cha mtoto wa nyigu. Akapitisha brashi ya kuoshea chupa za watoto, akapuliza, akarudisha. Bluu. Mama akauliza bei kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kulia, na alipotajiwa akacheka.

Nililolipenda kwa fundi yule ni kitu ambacho hakukifanya: hakuchokonoa nozeli kwa sindano. Kile kitundu kimetobolewa kwa kipimo, ni sehemu ndogo ya milimita. Ukikichokonoa kwa sindano ya chuma unakipanua, na kikishapanuka gesi inatoka nyingi kuliko hewa inayovutwa, moto unakuwa wa njano maisha yote mpaka ununue nozeli mpya. Kama imeziba, fungua kwa spana, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, puliza, tazama kwenye mwanga. Basi.

Kabla hujafika kwa fundi, tazama pia kofia ya jiko. Watu wanaiosha baada ya uji kufurika, wanairudisha ikiwa imekaa upande, moto unatoka sehemu moja mrefu, sehemu nyingine haupo. Itoe, ikauke, ipange itulie kwenye mashimo yake. Hiyo si kazi ya kulipia.

Moto mdogo unaofifia una visababishi vyake: gesi inakwisha, mpira umekunjika, regulata imechoka. Lakini kuna moto mdogo ambao si ugonjwa. Mama lishe anayechemsha maharage saa nyingi mfululizo kwa mtungi mdogo anaona mtungi umekuwa wa baridi, umetoa jasho, na moto umepungua. Kimiminika kinapogeuka mvuke kinanyonya joto la mtungi wenyewe. Ukitoa gesi haraka kuliko mtungi unavyoweza kupata joto kutoka hewani, nguvu inashuka. Dawa ni kupumzisha jiko au kutumia mtungi mkubwa zaidi. Kuulaza mtungi ubavu ili "umalizie" ni hatari, maana kimiminika chenyewe kinaweza kuingia kwenye regulata na kutoka jikoni kama mwali wa kutisha. Kuuweka kwenye maji yanayochemka au kuuegesha karibu na jiko la mkaa ni hatari zaidi. Jua letu la Oktoba linatosha, na hata hilo uukinge.

Moto mkubwa unaonguruma na kuruka kutoka kwenye kichwa cha jiko, huo usiuchezee. Maana yake regulata imeacha kupunguza nguvu, au mtu amekufungia regulata ya nguvu kubwa, ile ya majiko ya hotelini, kwenye jiko la nyumbani. Nimeisikia ikisifiwa kwamba "inapika haraka". Funga mtungi, nunua regulata inayostahili. Regulata haifunguliwi na kurekebishwa na fundi wa mtaani, inabadilishwa.

Wenye majiko makubwa ya oveni wana kilio chao: ukibonyeza koki moto unawaka, ukiachia unazimika. Hapo pana kijiti chembamba cha shaba kinachoelekea kwenye moto, thamokapo. Kikipata joto kinazalisha umeme kidogo sana, wa kutosha kushika sumaku inayoacha gesi ipite. Moto ukizimwa na upepo, kinapoa, gesi inakatika. Ni mlinzi. Kikiwa na masizi au kimesogea pembeni ya moto, hakioni joto. Kisafishe kwa kitambaa kikavu, kirudishe kielekee kwenye moto, na uendelee kubonyeza koki sekunde kadhaa kabla ya kuachia. Kikikataa, nunua kipya. Asitokee fundi wa kukikwepa kwa kuunganisha gesi moja kwa moja.

Na ninyi wenye nyumba za wageni mnaofunga hita za gesi za maji ya kuoga, maana biashara imekua na wageni wa hifadhi ya Katavi hawataki ndoo, neno fupi. Hita haiwaki mpaka maji yaisukume. Nyingi zinahitaji msukumo wa maji kutoka angalau mita mbili au tatu juu yake. Tangi likikaa kwenye mnara mfupi, maji yanatiririka lakini hita iko kimya, na mnamlaumu muuzaji. Inueni tangi, safisheni chujio dogo la maji linapoingia, badilisheni betri za kuwashia. Na hita isifungwe ndani ya bafu. Ifungwe nje, penye hewa. Mgeni anaingia kuoga, anafunga mlango na dirisha, ile hewa yenye sumu niliyoitaja inajaa, na hatoki.

Haya yote hayahitaji chuo kikuu. Mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na vijana wake wanasikiliza injini ya mashine ya kusaga kwa sikio tu na kukwambia ni bomba lipi limeziba. Watu wa namna hiyo hawashindwi na jiko la gesi. Tuna chuo cha ufundi cha VETA hapahapa Mpanda. Ombi langu kwa wakuu wa mkoa na halmashauri zote, Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika: pale mitungi ya ruzuku inapogawiwa, agizeni pia mafunzo mafupi ya ufundi wa gesi, na kila kata iwe na mtu mmoja au wawili wanaojulikana, wenye vitambulisho, wenye oringi, klempu na mipira ya akiba. Kampuni za gesi zinazofaidi soko hili zichangie. Mwanamke wa Mishamo au Inyonga asisafiri mpaka Mpanda mjini kwa ajili ya pete ya mpira.

Nikuache na la leo jioni, msikilizaji. Ukisikia harufu ya gesi ndani, usiwashe taa wala kuizima, usiguse kiberiti, usipige simu ukiwa humo ndani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha yote, toa watoto na wazee nje, na gesi iache itoke yenyewe mlangoni. Ukiwa nje, mbali, piga Zimamoto, namba 114. Iandike ukutani jikoni, kwa herufi kubwa, mtoto wa darasa la tatu aweze kuisoma.